Mashine ya Prof Valérie

Shule yetu ilikuwa na maabara moja, na ndani ya maabara ile kulikuwa na Valérie, basi. Mizani iliibwa, vyombo vya kioo vilivunjika, na darubini pekee tuliyoachiwa na wamisionari ilikuwa na lenzi iliyopasuka. Nasema habari za mwaka 1993, hapa Kolwezi, wakati mkoa wetu ukiitwa Shaba na nchi ikiitwa Zaire. Serikali ilikuwa imesahau kwamba ina walimu. Wazazi ndio waliotuchangia unga na mafuta ya mawese ili tusitoroke kwenda kulima. Mimi, Stany, nilifundisha jiografia katika chumba cha jirani, ukuta mmoja na wake, na kutwa nzima nilimsikia akiwarudia wanafunzi jambo moja kwa sauti ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo: badilisha kitu kimoja tu, halafu jaribu tena.

Wanafunzi walimwita Prof Pile, yaani Mwalimu Betri. Enzi zile betri za redio zikiisha nguvu tulizianika juani zipate uhai kidogo, tukasikiliza habari mbili tatu, kisha zikafa tena. Valérie naye kila mapumziko alivua viatu na kukaa juani kwenye ngazi za maabara, macho kayafumba, mpaka kengele ilie. Jina lile alilijua na halikumuudhi. Aliniambia siku moja kwamba watoto wamekosea kidogo tu, maana betri haiendi nyumbani kusonga bukari, yaani ugali.

Alikuwa Msanga wa upande wa Lubudi, mtoto wa mkulima, aliyesomeshwa na masista mpaka akatokea mwalimu wa fizikia, na wakati ule mwanamke wa namna hiyo alikuwa adimu kama mvua ya mwezi wa saba. Aliolewa na Ngeleka, fundi wa karakana ya kampuni ya mgodi. Wazazi wa Ngeleka walitoka Kasai enzi za Wabelgiji, wakaletwa kwa treni kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akavunjika mguu akicheza mpira Kolwezi, na Kasai hakuwahi kufika hata kwa mazishi. Walijaliwa binti mmoja, Kabedi. Wengine wawili Mungu aliwachukua wakiwa wachanga.

Hapa lazima nieleze jambo la mila, la sivyo hutanielewa huko mbele. Kwa Wasanga, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa watu wa Kasai, mtoto ni wa baba, na mjadala umekwisha. Siku ya mahari watu wa Ngeleka walileta mbuzi na vitenge wakijua wanaoa mke pamoja na watoto atakaozaa. Watu wa Valérie wakapokea wakijua wamefungua mlango tu, ukoo haujahama. Kila upande ukala, ukanywa, ukarudi kwao umeridhika, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ameelewa nini. Kosa hilo sisi watu wa mkoa huu tunalifanya kila Jumamosi, kwa kuwa tumeoana makabila yote na hatupendi kuharibu karamu kwa maswali.

Kwa miaka mingi jambo lile lilikuwa utani. Mwepu, kaka mkubwa wa Valérie, akija mjini kuuza mihogo alisimama mlangoni na kutangaza kwamba amekuja kuchukua mtoto wake. Ngeleka alimjibu amchukue tu, ila aache viatu, maana viatu ni vya Kasai. Kabedi alikuwa akijificha nyuma ya mama yake huku akicheka, na alipokua akawa anawajibu wote wawili kwamba yeye ni wa yule atakayemletea karanga.

Halafu mambo yakaanza kuporomoka. Mgodi wa chini ya ardhi ulibomoka, mitambo ikanyamaza mmoja baada ya mwingine, na kampuni iliyozoea kutugawia kila kitu, kuanzia unga mpaka madaftari, ikabaki ikigawa ahadi. Njaa ikiingia nyumbani watu hutafuta mchawi. Wanasiasa wakatuonyesha mchawi: jirani mwenye jina la Kasai. Watu niliosali nao kanisa moja wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wa chama chao wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Mimi ni mtu wa Manono, kaskazini mwa mkoa, kwa hiyo mlango wangu waliupita, na mpaka leo sijui nishukuru au nitukane.

Katikati ya uchafu huo likatangazwa shindano la sayansi la shule za sekondari. Nilidhani ni mzaha. Lakini masista walikuwa wametoa zawadi ya kweli: mshindi angeingia bweni lao la Lubumbashi, alale, ale na asome mpaka amalize. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mashine ya kurusha mpira. Mpira ulipaswa kuanguka ndani ya beseni, na umbali wa beseni ungepigiwa kura siku ileile, bila kujaribu kwanza. Mwanafunzi angerusha mara tatu, peke yake, na mwalimu abaki nje ya mstari wa chokaa.

Valérie alimchagua Kabedi. Wapo walionung'unika kwamba mama anambeba mwanawe, nikawaambia wamlete wao mwingine mwenye mkono mtulivu kama ule. Hawakumleta. Lakini nisidanganye, Valérie hakumchagua kwa ajili ya mkono tu. Mtaani walishaanza kumhesabu binti yule kwa jina la baba yake. Mama aliona kwamba akishinda, atalala chini ya paa la masista na kusoma. Akishindwa, siku yoyote atapandishwa behewa la mizigo, kama walivyofanywa Wakasai wengine, kwenda Kasai asikokujua. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwa Valérie miezi ile yote, na mengine yalikuwa mbao na misumari.

Mbao walizitoa kwenye kitanda cha wageni, kwa kuwa wageni hawakuja tena. Mkono wa kurushia ulikuwa mpini wa jembe, na kwenye ncha yake walipigilia kikombe cha bati cha kushikilia mpira. Mpira ulikuwa wa tenisi, Ngeleka aliuokota kwenye viwanja vya klabu ya kampuni ambako sasa mbuzi walikuwa wakijilisha. Nguvu ya kurusha ilitoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa vipande virefu kwa wembe. Vipande hivyo wao waliviita raba. Mkono ulivutwa nyuma kwa kamba yenye mafundo. Fundo lilinaswa kwenye msumari, na kila fundo lilikuwa na umbali wake.

Kuijenga ilikuwa kazi ya siku chache. Kuitia adabu ndiko kulikotuchosha. Asubuhi fundo la nne liliufikisha mpira ndani ya beseni kila mara. Mchana fundo lilelile likaurusha juu ya beseni mpaka kwenye mipapai ya mlinzi. Kabedi akakasirika, akahamisha msumari na kupunguza raba kwa mpigo mmoja, na mama yake akamshika kiganja: ukibadilisha mawili hutajua lipi limekuponya. Wakarudi mwanzo. Wakabadilisha mpira. Wakabadilisha kikombe. Wakasogeza ubao unaousimamisha mkono. Asubuhi shwari, mchana fujo. Valérie alikuwa akipima kwa hatua, akiokota mpira, akirudi, akiinama, mpaka mimi niliyekuwa nikichungulia dirishani nilichoka kwa niaba yake.

Jibu lilikuja siku ya mvua kubwa, baridi ilipoingia na mpira ukaanguka karibu mno. Valérie akazishika raba, akazipeleka shavuni. Zilikuwa baridi kama samaki. Kumbe ni joto. Raba ikiota jua inarusha kwa nguvu, ikipoa inakuwa mvivu. Lakini kuujua ugonjwa si kupata dawa, na sisi hatukuwa hata na kipimajoto. Kabedi ndiye aliyezifungua raba, akazitia kwapani chini ya blauzi, akakaa akisoma somo langu la mito ya Afrika mpaka zikapata joto lake. Kisha akazifunga upesi na kurusha. Mpira ukaingia. Akarudia juani, akarudia jioni, ukaingia. Joto la mwili halijali jua wala mvua. Nilimwambia Valérie aombe tu mwanawe asishikwe na malaria siku ya shindano, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Mwezi wa tatu wakamfikia Ngeleka. Karakanani alikuta vifaa vyake vimetolewa nje ya mlango, na kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi akamwambia asiingie. Kesho yake wakaja nyumbani, wakampa muda wa kufunga mzigo. Hawakumpiga. Siku zile tuliita hiyo bahati. Alikwenda stesheni na blanketi na sufuria, akajiunga na umati uliokuwa ukilala juu ya kokoto chini ya maturubai, wakingoja treni isiyo na ratiba. Valérie aliambiwa yeye ni wa hapa, anaweza kubaki. Kuhusu Kabedi walisema watarudi.

Tangu hapo maisha ya Valérie yakawa pembetatu: darasani, stesheni, kwenye mashine. Alimpelekea mumewe chakula, akarudi na nguo za kufua, akaingia darasani na vumbi la reli miguuni. Watu walikufa pale stesheni, watoto hasa, kwa kuhara. Alipofika maabara hakusema alichokiona, aliuliza tu mpira umeanguka wapi.

Kisha kamati ya shindano ikaleta kanuni mpya. Watashindana watoto wa hapa tu, na asili ya mtoto ni ya baba yake. Prefe wetu, mkuu wa shule, aliisoma mbele ya walimu bila kuinua macho. Nilisema kwa sauti kwamba huu ni upuuzi, na prefe akanijibu kwa upole kwamba anajua, niketi. Valérie alivaa viatu, akaenda kwenye maegesho ya malori ya Lubudi, akampa dereva mmoja ujumbe wa kumpelekea kaka yake.

Mwepu alifika bila mihogo na bila utani. Waliniita niketi nao maabarani, kwa sababu jambo la ukoo linataka shahidi asiye wa upande wowote. Mwepu alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya jembe, na siku ile aliketi kwenye benchi la wanafunzi kama aliyeitwa kuadhibiwa. Akasema maneno aliyoyasema miaka yote kwa mzaha, ila sasa polepole.

"Kwetu mutoto ni ya mama. Hatuombi mutoto ya mutu. Tunabeba mutoto yetu."

Kwa mila yake hakudanganya hata chembe. Shida ilikuwa kamati, iliyohesabu kwa baba, na baba alikuwa anajulikana na mji mzima. Mwepu alikwisha kuzungumza na mtu mmoja wa kamati, Msanga mwenzake. Aliambiwa kwamba wale hawatafuti ukweli, wanataka neno lisemwe hadharani ili wasilaumiwe na vijana wa chama. Mjomba asimame adai mtoto, na Ngeleka mwenyewe asimame aseme hana mtoto Kolwezi. Hapo Kabedi atakuwa wa Mwepu, kwenye shindano na mtaani. Mwepu akamaliza kwa kusema kwamba kwenda kumwomba shemeji yake neno lile hawezi, miguu itakataa.

Kwa hiyo tulikwenda Valérie na mimi. Ngeleka tulimkuta akikoroga uji kwenye moto wa vipande vya mataruma ya reli. Alikuwa amekonda, na alikohoa kabla ya kila neno. Valérie aliketi kwenye kokoto, akavua viatu, akamweleza yote moja kwa moja kama anavyoeleza somo. Nilitamani azunguke kidogo, alainishe. Hakuwa na nguvu ya kulainisha.

Ngeleka aliendelea kukoroga. Akauliza kama mashine inarusha sawasawa. Valérie akasema inarusha. Akauliza kama mpira ni uleule wa klabu. Ni uleule. Akaepua sufuria.

"Valérie, kwetu baba mwenye kusema vile amezika mutoto yake."

"Najua," Valérie akasema. "Umuzike, basi, abakie muzima."

Watu wa turubai la jirani walikuwa wakigombania ndoo. Mwisho Ngeleka akatikisa kichwa kukubali, lakini akatazama huku na huku, vijana wa chama walivyojaa kila mahali, akaweka sharti.

"Kama nasema, nasema mpaka mwisho. Bale bijana beko fasi yote. Bakisikia ananiita tata hata mara moya, batamufuata. Asinikaribie tena."

Tata, yaani baba, ndivyo Kabedi alivyomwita tangu aanze kusema. Tulirudi kwa miguu. Njiani nilijaribu kusema neno la faraja, na Valérie akaniomba ninyamaze tu. Sijapata kumpenda rafiki kama nilivyompenda mwanamke yule siku ile, na sijapata kumwogopa mtu hivyo pia.

Kabedi alipoambiwa alizitupa raba sakafuni, akasema hatarusha kitu. Alikataa kula na mama yake. Alimwita muuzaji wa mume. Valérie hakumbembeleza. Alimwambia kwamba amechoka, kwamba kulia kunaruhusiwa, ila akalilie Lubumbashi akiwa na kalamu mkononi. Niliona amekuwa mkali kupita kiasi na nikamwambia hivyo. Akaniuliza kama nina njia nyingine. Kisha akaziokota raba, akazifuta vumbi, akaziweka mezani mahali ambapo binti yake angeziona. Asubuhi ya siku ya tatu hazikuwepo mezani. Kabedi alikuwa amesimama mlangoni, ameukunja mkono wake ubavuni kama mtu mwenye jipu kwapani, na hakumsalimu mama yake.

Shindano lilifanyika katika uwanja wa parokia. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu mji ulikuwa na njaa hata ya kitu cha kutazama. Ngeleka aliletwa na vijana wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Alikuwa amefua shati. Mwepu akasimama kwanza, akasema huyu msichana ni wa ukoo wao, mtoto wa dada yake, na wao wanamdai. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Ngeleka na kumwuliza kama ana neno.

"Hapa Kolwezi mi sina mutoto," Ngeleka akasema. "Huyu ni ya bajomba bake."

Alisema vizuri, bila kukohoa. Mmoja wa vijana akacheka. Mwenyekiti akaandika, akawashukuru, akamwita mshindani anayefuata. Kabedi alikuwa ameinamia mashine na sikuuona uso wake. Ngeleka hakuruhusiwa kubaki. Alipokuwa akitolewa langoni, binti yake alikuwa akizitoa raba kwapani, na watu wasioelewa walikuwa wakiguna na kuzomea.

Kura ikatoa umbali mbaya, katikati ya fundo na fundo. Kabedi akachagua lile la umbali mkubwa zaidi. Mpira wa kwanza ukapita juu ya beseni. Labda ni fundo, labda mwili wake ulikuwa umechemka kwa alichokisikia, hakuna atakayejua. Alimtazama mama yake nje ya mstari wa chokaa. Valérie hakuruhusiwa kusema, na hakusema, hata kwa nyusi. Kabedi akaigeukia kamba. Hakugusa raba, hakugusa ubao. Alirudi kwenye fundo la umbali mdogo, akaizungusha kamba mara moja kwenye msumari, mkono ukavutika nyuma kidogo mno, akarusha. Mpira ukagonga ukingo wa beseni ukaingia. Akarusha tena, ukaingia bila kugusa kitu.

Hakuna shule nyingine iliyoingiza miwili. Mashine moja ya watoto wa kambi ya juu ilipasuka hata kabla ya kurusha. Prefe wetu alipiga makofi mpaka miwani ikaanguka. Valérie alivua viatu, akaketi chini palepale juani, na nilipokwenda kumpongeza aliniomba nimletee maji.

Yaliyofuata yanasimulika kwa maneno machache. Vijana hawakurudi kumwulizia Kabedi. Mwezi wa tisa aliingia bwenini, akasoma, akawa mhandisi wa maji, na karatasi zake zote mpaka leo zina jina la Mwepu. Valérie aliendelea kufundisha katika maabara ile isiyo na kitu mpaka alipostaafu. Nilimwuliza mara moja tu kama angefanya tena vilevile. Alinijibu kwamba swali hilo ni la watu waliolala vya kutosha. Ngeleka alifika Kasai, akaishi huko muda mfupi, kifua kikamshinda. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na treni.

Ilikuja siku chache baada ya shindano, mchana kweupe, na honi yake ilisikika mji mzima. Nilikuwa nimepita kwao kumwazima Valérie baiskeli yangu. Alikuwa akifunga chakula cha safari, bukari na samaki wakavu, na alimwambia Kabedi abaki nyumbani kama baba yake alivyotaka. Kabedi hakubishana. Aliuchukua mzigo wa chakula kutoka mikononi mwa mama yake, akatoka nao. Valérie alimfuata, na mimi nikaifuata njia ileile nikisukuma baiskeli.

Mabehewa yalikuwa ya mizigo, milango imefunguliwa, watu wamejaa mpaka kwenye paa. Vijana wa chama walisimama kila mlango wakiwahesabu waliopanda, kana kwamba kuna aliyetaka kuiba nafasi ile. Mmoja wao alikuwa yule aliyecheka kwenye uwanja wa parokia. Ngeleka alikuwa amekwisha kupanda, amesimama ukingoni mwa mlango. Valérie alikuwa mke, hakuna aliyemkataza kuaga. Alimpa mkono, wakashikana. Kisha Kabedi akapenya katikati ya watu, akainua mzigo wa chakula kwa mikono miwili.

Yule kijana alisogea. Akamtazama msichana, akamtazama mwanamume, akakunja uso kama anayetaka kukumbuka. Kabedi alikuwa ameufungua mdomo. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona mabega yake yakipanda, na nikajua ni neno gani linakuja. Ngeleka akamwahi. Aliupokea mzigo, akamtazama chini kama unavyomtazama mtoto wa mtu aliyetumwa, na akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Weye, uko mutoto ya nani?"

Honi ikapigwa. Kijana akageuka kumtazama Kabedi vizuri.

"Ya Tata Mwepu," Kabedi akasema.

"Aksanti, mutoto. Musalimie tata yako."

Treni ikaanza kuvuta. Kabedi akatembea sambamba na behewa hatua kadhaa, mikono mitupu, akamjibu kwamba atamsalimia.